Transmita ya FM au waya wa AUX kwenye redio ya gari la Japani?

Redio iliyokuja na gari la mtumba kutoka Japani kwa kawaida hushika MHz 76 hadi 90 tu, na hapo ndipo transmita, kifaa kinachorusha muziki wa simu hadi kwenye redio kwa masafa ya FM, hukwama. Bei yake ni nafuu, unaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara bila fundi, ila nyingi hurusha kuanzia 87.5. Unabaki na upenyo mdogo, tena mjini umejaa stesheni. Ukikata kona, kwaya inamezwa na mtangazaji wa mpira. Kama antena imefungwa kifaa cha kushusha masafa kwa MHz 12, weka transmita 98.0, redio 86.0.

Kwa usafi wa sauti, AUX, yaani waya unaounganisha simu na redio moja kwa moja, haina mpinzani. Shida ni tundu la AUX: redio nyingi za zamani hazina, na kufungua dashibodi ni gharama ya fundi. Simu ikichajiwa garini, huenda ukasikia mluzi unaopanda na injini. Chaji kwa pawabenki, uone kama utakoma. Waya nao hukatikia shingoni. Chagua wenye pini iliyopinda.

Gari la kuazima au la kuuzwa karibuni, transmita inatosha. Lako la safari ndefu, lenye tundu la AUX tayari, chukua AUX. Lisilo na tundu? Uliza kwanza bei ya redio mpya yenye Bluetooth.