TAHADHARI: Anayeuza hausingi za kamera za kuzamia Kariakoo ni tapeli

Wakuu, nimeingizwa mjini. Ile hausingi, kasha la kuikinga kamera na maji, niliyowasumbua nayo kundini imekufa, na kamera imo ndani. Hausingi laki tisa. Bei ya kamera sitaji, nisije nikalia tena.

Msinicheke. Jamaa hakuniuzia gizani. Alinikalisha dukani, akaagiza soda, akaleta ndoo ya maji. Akatia tishu ndani ya hausingi, akafunga vibano taratibu kama daktari wa macho, akaizamisha na kuishikilia chini huku akinipigia stori za wazamiaji wa Mafia anaowauzia. Akaitoa, akaifuta, akafungua. Tishu kavu kau! Akanipa niishike kabisa. "Kaka, hii ni mita 40," akanionyesha maandishi mgongoni. Wewe ungesema nini hapo? Adhana ilipolia akaenda kuswali, akaniachia duka. Tapeli gani anakuachia duka lake? Na aliyenielekeza kwake ni mtu tunayemheshimu wote, nimemsitiri.

Basi kule Mafia, kwenye mlango wa bahari wa Kinasi, tumeshapita mita 10 chini, naona ukungu kwenye kioo. Nikaupuuza. Mara vipovu vinachomoka kwenye kona, maji yanapanda ndani. Na ukiwa unapumua kwa mtungi wa hewa hukimbilii juu, utajiumiza mapafu. Nikapanda pole pole, tukasimama mita 5 zile dakika tatu za usalama, nimeikumbatia kamera yangu inazama mikononi mwangu. Kiongozi wetu ananiuliza kwa ishara kama niko sawa. Niko sawa wapi!

Kesho yake Kilindoni, huko huko Mafia, papa potwe huyo, kanyanyua mdomo karibu na boti, madoa yote nje. Watafiti huwatambua kwa madoa ya ubavuni, nyuma ya mashavu, na picha hiyo ndiyo niliyoifuata. Wenzangu wanapiga, mimi naangalia.

Fundi kaifungua: kona ina ufa, umezibwa kwa gundi ukapigwa msasa. Ndoo haiwezi kuufichua. Baharini kila mita 10 mgandamizo unaongezeka sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu.

Nimempigia, eti "chumvi imeiharibu". Chumvi! Bahari alitegemea iwe na sukari? Kisha akanibloku.

Dalili zilikuwepo: haina boksi, ringi ya mpira imekakamaa, ile "mita 40" ni stika tu, na nilipotaka tukaijaribu kwenye bwawa akasema ana haraka. Lakini dalili baadaye, kwanza huyu mtu afungwe! Duka lipigwe kufuli, arudishe hela ya kila mtu, hausingi zake zote zivunjwe mbele yake. Leo kamera, kesho atamuuzia mtu regyuleta mbovu, kile kifaa cha kupumulia chini ya maji, tukazike.

RB ya polisi nimeshafungua. Aliyewahi kununua kwake aje PM na risiti, Jumatatu asubuhi twende kituoni pamoja.