Vitabu vya mitindo ya kufuma na kushona: nilivyobaki navyo na nilivyovigawa

Nilipofika safu ya tisa, kitambaa kilikataa kulala. Nilikitandaza mezani nikakibonyeza kwa viganja, nikaondoa mikono, kikainuka tena pembeni kama kawa juu ya sinia. Nilikuwa nafuma vitambaa sita vya mviringo kwa ajili ya nyumba mpya ya binamu yangu kule Likoni, nikifuata kitabu cha kroshia nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba hapa mjini Mombasa. Kitabu kilikuwa kizuri kwa macho, picha zimeng'aa, karatasi nzito. Mama mdogo, ambaye hajafuata kitabu hata siku moja maishani mwake, alikigusa kitambaa kwa kidole kimoja akaniambia, "Mwanangu, mishono yako ni mirefu. Huyo aliyeandika alitaka mifupi."

Alisema kweli. Kitabu kile kilichapishwa Uingereza, nami kroshia nilijifunza kwa video za Wamarekani kwenye simu. Nchi hizo mbili zinatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Kifupisho "dc" kwa Mmarekani ni mshono mrefu, ule wa kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuchoma. Kwa Mwingereza, "dc" hiyohiyo ni mshono mfupi kabisa, usiozungushwa uzi, na ule mrefu yeye huuita "tr". Duara la mishono mifupi huongezwa mishono 6 kila safu ili lilale sawa. La mishono mirefu huhitaji kama 12. Mimi nilifuma mirefu huku nikiongeza 6, basi ukingo ukakosa nafasi na kitambaa kikajikunja juu. Jioni nne zilikwenda hivyo, na uzi wa pamba si wa bure.

Tangu siku hiyo, nikishika kitabu cha kroshia sianzi na picha. Natafuta ukurasa wa vifupisho, aghalabu mwanzoni au mwisho kabisa. Nikiona "sc", jina la Wamarekani la mshono mfupi, najua mwandishi anafuata Wamarekani, kwa sababu Waingereza hawana mshono wa jina hilo. Nikiikosa "sc" na nikaona "dc" na "tr" tu, ni cha Uingereza, na nitakisoma kwa jicho hilo. Kitabu kisicho na ukurasa huo kabisa nakirudisha nilipokitoa, hata jalada likiwa zuri namna gani. Muuzaji wangu amenizoea. Zamani alikuwa ananihimiza, "Mama, hicho kwa mia tatu ni zawadi." Siku hizi ananipa kigoda. "Fungua tu, mama, kufungua si kununua."

Kwa miaka sita nimenunua vitabu 11 vya mitindo: vya kroshia, vya kufuma kwa sindano mbili, vya kudarizi kwa mishono ya msalaba, na vya kushona nguo. Leo nimebaki na vitano. Naandika haya kwa sababu watu wananiuliza wanunue kipi, wakitaraji niwatajie jina, na kitabu hakichaguliwi kwa jina.

Ninachokitumia kuliko vyote ni cha kroshia, na kimeandikwa Kijapani. Sijui kusoma hata neno moja lake. Mitindo yote imechorwa kwa alama: yai dogo ni cheni, msalaba mdogo ni mshono mfupi, herufi T iliyokatwa mstari mmoja ni mshono mrefu, ikikatwa mistari miwili ni mrefu zaidi. Mchoro wenyewe umekaa kama kitambaa kitakavyokaa, duara likianzia katikati na kupanuka, kila alama mahali pake. Nikipotea naweka kitambaa juu ya mchoro, nahesabu, naona nilipokosea. Mama mdogo naye, ambaye Kiingereza cha vitabu humchosha, alikitazama mchoro mmoja kama dakika tano, akachukua sindano akaanza. Nilisimama pale mlangoni nikimwangalia, moyo umejaa. Miaka yote alikuwa anafuma kwa kuangalia mikono ya wenzake, na sasa anafuma kazi ya mtu wa Japani ambaye hawatakutana kamwe. Kwa hiyo nikiwa na hela ya kitabu kimoja tu cha kroshia, nachukua chenye michoro ya alama. Maneno matupu ya "rudia kutoka nyota hadi nyota" yanavumilika kwenye kazi ndogo, lakini kwenye shuka la kitanda yanakuchosha kabla hujafika nusu.

Vya sindano mbili vinataka uangalifu wa aina nyingine, hasa kwetu wa Pwani. Vingi vimejaa sweta nzito za nchi za baridi. Nilinunua kimoja cha namna hiyo kwa sababu ya picha ya sweta yenye misuko kifuani, nikakigawa bila kufuma hata ukurasa mmoja. Dada yangu aliye Limuru ndiye anayekifaidi. Hapa Mombasa tunafuma vya watoto wachanga, kofia na soksi na kijishali cha kumtoa mtoto siku ya arubaini, na kwa joto letu napenda kutumia pamba badala ya sufi. Hapo ndipo kitabu kinapokupima. Pamba haivutiki kama sufi na ni nzito zaidi, hivyo mkono wa kijikoti uliokusudiwa kubana hulegea ukikaa siku mbili.

Kitabu cha maana kinakuambia kipimo, kwa mfano vitanzi 22 na safu 28 katika mraba wa sentimita 10, na kinakutaka ufume kipande cha kujaribia kwanza. Nilikuwa nakiruka kipande hicho nikiona ni kupoteza uzi. Fanya hesabu hii: mtindo wa vitanzi 110 kwa kipimo cha 22 unatoka sentimita 50. Mkono wako ukiwa mlegevu ukapata vitanzi 20 tu, vitanzi vilevile 110 vinatoka sentimita 55. Kwa mtoto mchanga, sentimita tano ndiyo tofauti ya nguo kumkaa au kumvuka. Kitabu kisichotaja kipimo hicho mimi sikihesabu kama kitabu cha mitindo, ni albamu ya picha.

Tena angalia umri wa kitabu. Mitumba inaleta vijitabu vya Uingereza vya zamani vyenye namba za sindano za zamani. Namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, lakini namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba 10 ya zamani ni milimita 3.25. Hesabu hiyo ya zamani ya Uingereza inarudi nyuma: namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Nimeziandika kwa penseli kwenye karatasi, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.

Kudarizi kwa msalaba ndiko ninakokupenda kuliko yote, na huko nimejuta mara chache zaidi. Chati ni miraba, mraba mmoja mshono mmoja, na kitambaa chake cha Aida kina vijitundu vilivyopangwa kwa hesabu. Ila kitabu lazima kikuambie chati ina miraba mingapi. Pambo la miraba 140 kwa upana, kwenye Aida ya 14, yaani mishono 14 kwa inchi, litatoka inchi 10 kamili. Kwenye Aida ya 11 litakaribia inchi 13, na kwenye ya 18 halifiki inchi 8. Nilikuwa na fremu tayari ukutani nikisubiri kazi iingie, na kazi ilipokwisha haikuingia, kwa sababu nilinunua kitambaa kabla ya kugawanya.

Kingine cha kutazama ni kama chati ina alama ndani ya miraba au ina rangi peke yake. Za rangi peke yake zinavutia, lakini usiku chini ya taa ya manjano kahawia mbili zinazokaribiana huwezi kuzitenganisha, na ukitoa kopi nyeusi na nyeupe ya ukurasa ili uichorechore, umebaki na kijivu. Zenye alama zinakaa. Kitabu kitoe pia namba za nyuzi. Vingi hufuata namba za DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1746, ambako 310 ni nyeusi. Anchor, kampuni nyingine ya nyuzi, wana namba zao, nyeusi yao ni 403. Kitabu kinachosema "buluu ya bahari" bila namba kinakuacha mbele ya kaunta unabahatisha, na shungi moja la mita 8 likiisha katikati ya kazi hutapata ndugu yake.

Picha za vitabu hivi nyingi si zetu. Ni nyumba zenye theluji, ndege wasioruka huku. Mimi nanunua kwa ajili ya mapindo na herufi. Kutoka kwenye mapindo hayo nilijifunza kuchora changu: nilichukua leso ya mama, nikafuata korosho zake kwenye daftari la hesabu lenye miraba, mraba kwa mraba, mpaka nikapata korosho moja ya miraba 24. Sasa inazunguka mito minne ya sebuleni. Wanaodarizi kofia za vito wanabeba mapambo hayo kichwani na mikononi tangu zamani, bila chati, nami nawaheshimu sana kwa hilo. Tahadhari moja tu: chati hiyohiyo usiihamishie kwenye sindano mbili. Kitanzi cha kufuma ni kipana kuliko urefu wake. Kwa kipimo cha vitanzi 20 na safu 28, pambo la miraba 40 kwa 40 linatoka sentimita 20 kwa upana na 14 na kidogo kwa urefu, na korosho inabonyea.

Vitabu vya kushona nguo ndivyo vilivyonigharimu zaidi. Kimoja cha nguo za watoto nilikilipia shilingi 1,200, nikakipandisha matatu nikiwa na furaha. Nyumbani nikafungua jalada la nyuma, palipobandikwa mfuko wa pateni, zile karatasi za kukatia vipande vya nguo. Nikatia vidole. Nikatoa risiti moja iliyofifia wino. Pateni zote mwenye kitabu wa kwanza alibaki nazo, na bila karatasi zile ukurasa baada ya ukurasa unakuambia "kata kipande namba 3" na kipande hakipo. Kwa hiyo kitabu cha kushona natia mkono mfukoni kwanza, nakunjua karatasi yote palepale, natazama kama imekatwa. Aliyetunza vizuri alinakili kwa karatasi nyingine, hakutia mkasi kwenye ile asili.

Ikiwa imekamilika, swali linalofuata ni ziada ya mshono, ile nafasi ya nje ya mstari inayoingia ndani ukishona. Gazeti la Burda la Ujerumani, ambalo mwanamke aitwaye Aenne Burda alilianzisha mwaka 1950, haliweki ziada hiyo. Unanakili mstari wa saizi yako kutoka kwenye lundo la mistari, kisha unaongeza mwenyewe. Vitabu vingi vya Kijapani ni vivyo hivyo. Pateni za bahasha za Kimarekani kwa kawaida zimeshaiweka, sentimita 1.5. Ukikosea upande mmoja gauni linabana kila mshono, ukikosea upande wa pili linapwaya.

Fundi wangu wa Majengo nilimpelekea Burda akaitazama kwa heshima, akapima kwa tepu yake ya inchi, akasema, "Kitabu hiki kizuri, lakini hakimjui mteja wangu." Saizi zile zimekatwa kwa mwanamke wa kimo cha sentimita 168, na mimi sifiki 158, kiuno cha gauni kinanishukia. Tulikipandisha kwenye karatasi kabla ya kukata, na hapo ndipo nikaona faida yenyewe: mkono na kola zilikaa kama zilivyochorwa, jambo ambalo kwa kukata kwa kukisia hutokea kwa bahati. Nguo za watoto za Ulaya nazo hupimwa kwa kimo, 116 ni mtoto wa sentimita 116, wala si umri, kwa hiyo msimamishe mtoto ukutani umpime. Na hesabu ya kitambaa iangalie upana: kitabu kikidai mita mbili za kitambaa cha sentimita 150, kitenge chako kutoka Biashara Street chenye upana wa kama 115 hakitatosha. Dera halihitaji kitabu, hela yako iwekee kola na mikono.

Vitabu vyote vitano nimevipeleka kwenye duka la fotokopi vikafungwa waya, ili vilale wazi mezani mikono ikiwa na kazi. Kile cha Uingereza kilichoniharibia kitambaa ni kimojawapo. Sikukigawa, mitindo yake ni mizuri mno. Nimeandika kwa penseli kwenye ukurasa wa vifupisho, "dc hapa ni mshono mfupi", na vitambaa sita vya binamu nilivifuma upya kutoka humo. Viko Likoni, vimelala.