TAHADHARI wana Tanga: dalali wa Passo na Vitz za bei rahisi, gari inapashwa moto kabla hujafika

Jamani wana Tanga, na nyie mnaotoka Muheza, Korogwe na Pangani kuja mjini kutafuta gari ya bei ndogo, nisomeni mpaka mwisho. Nimepigwa milioni 5 na laki 3 na mkopo wa saccos bado nakatwa, imebaki miezi 19. Nilikuwa nishaamua kunyamaza ila juzi nimeona tangazo la yule yule, maneno yale yale, safari hii ni Vitz, roho ikaniuma. Jina na namba yake siweki hapa, majina anabadilisha, nataka muijue kazi yake.

Mimi mwalimu, nakaa Makorora nafundisha Muheza, kwenda na kurudi ni kilomita 70 hivi kila siku. Nilichotaka ni kigari cha cc 1000 kisichonimaliza kwa mafuta, basi. Tangazo likasema Passo namba C, kilomita 68,000, ilikuwa inatumiwa na mama mmoja mtumishi, injini haijaguswa, AC inapuliza barafu, gari haidai ni kuwasha na kuondoka, bei maelewano. Nikapiga simu, anaongea vizuri huyo, dada yangu huku mwalimu huku. Nikamwambia naja saa 1 asubuhi kabla sijaenda kazini, akasema hapana dada yangu, gari iko kwa mwenyewe kule Sahare, njoo saa 4. Hiyo saa 4 ndo mtego wenyewe.

Nimefika gari imeoshwa inang'aa, iko kivulini chini ya mwembe, funguo zinatolewa ndani kama vile hakuna aliyeigusa leo. Nikawasha, ikaitika mara moja, hakuna moshi hakuna kelele. Sasa mnaozijua Passo mnajua hazina mshale wa temperecha, kuna kitaa cha bluu kinachowaka injini ikiwa ya baridi halafu kinazima ikishapata moto. Mimi hilo sikulijua. Kile kitaa hakikuwaka kabisa asubuhi ile, maana yake walishaiungurumisha muda mrefu kabla sijafika. Injini iliyochoka ringi au sili za valvu ukiiwasha ikiwa imelala usiku kucha ndo inatoa moshi wa bluu na kugonga, ikishapashwa inatulia kama haina tatizo. Ningeweka tu kiganja juu ya boneti ningejua, gari iko kivulini hiyo joto limetoka wapi?

Nikauliza mbona inatetemeka hivi ikiwa silensa, yaani inaunguruma imesimama tu? Akajibu haraka, dada hizi ni silinda tatu ndo zilivyo. Na hapo ndo alinimaliza, kwa sababu ni kweli, injini ya Passo cc 1000 ni silinda tatu na zina mtetemo wake kidogo. Ila ile ilikuwa inamisi, plagi moja haichomi sawasawa, usukani unatikisika mpaka kioo cha kati kinacheza. Ukweli mdogo akaufunika uongo mkubwa. Akaona nasita akasema kama huamini kuna fundi hapa jirani, mtu mzima, mswalihina. Fundi akaja, akainama akasikiliza, akachomoa kijiti cha oili akakifuta na kitambaa akanionesha, mwalimu hii chuma. Oili safi, nzito kama asali. Nikampa elfu 20 ya kazi yake na shukrani juu. Kumbe oili nzito ile ndo inaficha moshi na mgongano kwa siku chache, na fundi ni wao, ana cha juu chake kwenye kila gari inayotoka pale. Jamani fundi wa kukagua gari uje naye wewe, umlipe wewe, na muuzaji asimjue.

Wiki ya pili ikaanza kula oili, lita nzima kwa siku kumi, na injini yenyewe inabeba lita 3 hivi. Asubuhi nikiwasha majirani wanafunga madirisha. Nikapima mafuta, nikajaza mpaka pampu ikakata, nikaitembelea kilomita 270, nikajaza tena zikaingia lita 30. Lita moja kilomita 9! Passo nzima kwenye lami ya Muheza unapata 15 na zaidi. Fanyeni hesabu, kwa siku 20 za kazi natembea kilomita 1,400, nzima ingekula kama lita 90, hii inakula zaidi ya 150, bado oili. Ile laki tano niliyoona nimeokoa kwenye bei imeshaisha zamani.

Nikaipeleka kwa fundi mwingine Mikanjuni, kijana tu, akaniambia mwalimu zungusha funguo usiwashe. Taa zote za dashibodi zikawaka, betri, oili, ya injini hakuna. Akasema hiyo lazima iwake hapo halafu izime gari ikishawaka, ikigoma kuwaka kuna mtu kaifanyia kitu. Akafungua dashibodi, tukakuta kipande cha tepu nyeusi ya umeme kimekatwa vizuri kwa wembe kimebandikwa juu ya kile kitaa. Nilikaa chini pale pale. Mtu alikaa akakata kile kipande akijua kuna mtu atakuja na watoto wake ndani ya hiyo gari.

Na hizo kilomita 68,000 ni uongo, zimerudishwa. Mpira wa pedeli ya breki umelika upande mmoja mpaka chuma kinaonekana, kilomita 68,000 haziwezi kufanya vile. Ukinunua angalia pedeli, usukani, kiti cha dereva pale pembeni unapoingilia, hivyo hawavikumbuki. Na kama wanadai wao ndo walioiingiza nchini waombe cheti cha Japani, kilomita zinaandikwa mle.

Kadi ya gari angalau ilikuwa halali, ila nilikuja kukuta faini tatu za trafiki za elfu 30 kila moja, nimelipa mimi. Angalieni deni kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari kabla hamjatoa hela, ni dakika mbili tu.

Nilirudi kwake. Akatoa mkataba, kuna mstari unasema mnunuzi ameikagua gari na kuridhika nayo kama ilivyo, na sahihi ni yangu. Polisi nao wakaniambia hivyo hivyo. Huo mstari ukiuona kwenye karatasi ukatae, au uandikwe na siku za matazamio.

Hiyo Vitz anayoitangaza sasa ni ya silva. Nimeikuza ile picha nikauona mwembe ule ule na ukuta ule ule wa bluu nyuma yake. Kama kuna mtu humu ana miadi naye kesho saa 4, nenda saa 12 asubuhi bila kumpigia, na kabla hujagusa funguo weka mkono kwenye boneti.