Mwezi mmoja na programu inayowapa mastaa waliokufa mapema miaka waliyoikosa

Sura ya kwanza niliyoiomba ilikuwa ya Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, akiwa na miaka 80. Nilivuta kidole kwenye mstari wa umri kuanzia 26, umri aliofia, nikakiacha kwenye 80, nikasubiri kama nusu dakika. Mzee akatokea: mvi zimetulia kidevuni, mashavu yamejaa, mikunjo miwili mirefu inashuka kando ya mdomo, macho ni yaleyale. Nilimtazama kimya kwa muda mrefu na machozi yakanilengalenga. Sauti ya mtu huyu nimeishi nayo tangu utotoni, na katika kila picha aliyoiacha ni kijana kuliko nilivyo mimi leo.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama picha ni nzuri, jibu langu ni ndiyo, nzuri sana. Hapa na pale utaona sikio lililopinda ovyo au vidole vilivyoungana, lakini ukiomba upya mara mbili tatu unapata isiyo na dosari. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2022 mpiga picha wa Uturuki, Alper Yeşiltaş, alitumia akili mnemba kutengeneza sura za watu mashuhuri kama vile hawakufa, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Programu niliyoitumia imechukua njia hiyo hiyo na kuiweka kwenye simu ya mtu yeyote.

Lakini picha sizo zilizonifanya nilipie. Nililipia sehemu ya pili, ile inayokuandikia kazi ambazo msanii angezifanya, mwaka kwa mwaka, lau angeishi. Huko ndiko nilikotumia karibu siku zote za mwezi huu.

Maandishi ya kwanza kuhusu Otis yalinivunja moyo. Yalisema aliendelea kuimba nyimbo zilezile za mapenzi za kusihi na kulia, akatoa albamu moja kila baada ya miaka miwili, akazoa tuzo, akastaafu kwa heshima na kwenda kufuga ng'ombe. Hakuna albamu hata moja iliyododa. Hakuna mwaka alioshindwa kuandika. Ukimjua Otis, unaona mara moja kwamba aliyeandika haya hajui jamaa alikuwa amefikia wapi alipokufa.

Mwaka 1967 Otis alifanyiwa upasuaji wa koo, akalazimika kuipumzisha sauti. Aliporudi studio kule Memphis, Novemba na mwanzoni mwa Desemba, alikuwa na wimbo aliouanza akiwa amepanga kwenye nyumba ya majini huko Sausalito, California, kisha akaumalizia na mpiga gitaa Steve Cropper. Wimbo wa mtu aliyeketi gatini akitazama meli zikiingia na kutoka. Hasihi wala hapigi kelele, na mwishoni maneno yanamwishia, anapiga mluzi. Tarehe 7 Desemba bado alikuwa studio. Tarehe 10 ndege yake ikaanguka katika Ziwa Monona, Wisconsin. Cropper akaongezea sauti za mawimbi na ndege wa baharini, wimbo ukatoka Januari 1968, ukawa wa kwanza kufika namba moja kwenye chati ya Marekani baada ya mwimbaji wake kufariki.

Ukiusikiliza wimbo huo baada ya zile za nyuma, unamsikia mtu anayehama. Sasa programu inampaje mtu huyo miaka mingine arobaini ya kuimba kama alivyoimba 1965? Kazi ya msanii huendelea kutoka pale mkono wake ulipoishia, na mkono wa Otis ulikuwa tayari umeshika kitu kingine.

Chini kabisa ya ukurasa kuna kisanduku kidogo cha maelezo ya ziada. Nadhani watumiaji wengi hawakioni, kwa sababu kimefichwa chini ya vitufe vya kubadilisha nywele na nguo. Nikaandika humo yote niliyoyaeleza hapo juu: koo, nyumba ya majini, gitaa la taratibu, mluzi. Nikabonyeza upya.

Yaliyokuja safari hii yalinifanya nijiweke sawa kitini. Otis wa 1969 anatoa albamu ya upole, gitaa na vyombo vichache tu, na mashabiki wake wa zamani wanaikataa. Anagombana na kampuni inayomsimamia. Mwaka unaofuata anaandikia waimbaji wengine huku sauti yake ikimsumbua tena. Halafu polepole, kuelekea katikati ya miaka ya 1970, watu wanaanza kumwelewa. Ni ya kubuni yote, naam, lakini yamebuniwa kutoka kwenye jambo la kweli, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa na maisha badala ya orodha ya ushindi. Nikausikiliza wimbo wenyewe tena usiku ule na nikausikia tofauti.

Tangu hapo nikawa na utaratibu. Kila jina ninaloliingiza, kwanza natafuta alichokiacha mezani siku aliyokufa.

Heath Ledger ndiye aliyenishangaza kuliko wote. Wengi tunamkumbuka mwigizaji huyu kwa Joker, yule mwovu wa filamu ya Batman mwenye uso uliopakwa rangi, uigizaji uliompa Oscar mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya kufariki Januari 2008 akiwa na miaka 28. Ukiiachia programu ifanye inavyotaka, inamrudisha kwenye uovu huo huo: Joker wa pili, Joker wa tatu, kisha majambazi na wauaji wa kila aina. Lakini wakati anafariki, Ledger alikuwa anajiandaa kuongoza filamu yake ya kwanza, kutokana na riwaya ya The Queen's Gambit, kisa cha binti yatima mwenye kipaji cha sataranji. Mchezo huo aliucheza mwenyewe, na kwa bidii. Hadithi hiyo dunia ilikuja kuitazama mwaka 2020 kama tamthilia, kwa mikono ya watu wengine. Nilipoyaweka hayo kwenye kisanduku, Ledger wa programu aliacha kuonekana mbele ya kamera kwa miaka sita, akawa nyuma yake. Sina namna ya kusema angefaulu. Ila hamu yake ilikuwa inaelekea huko, na mtu anayempenda angependa kumfuata huko kabla ya kumpaka rangi usoni tena.

Filamu aliyoiacha katikati nayo ilimaliziwa na Johnny Depp, Jude Law na Colin Farrell, ambao waligawana nafasi yake, kisha malipo yao wakampa binti yake. Hilo nalo programu hailijui mpaka uiambie.

Kwa Bruce Lee niliona kasoro ya jumla ya huduma hii. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32, mwezi mmoja kabla filamu iliyompa umaarufu wa dunia nzima haijazinduliwa Marekani. Programu ikampa miaka hamsini ya kupigana bila kushindwa, na picha ya mzee wa miaka 80 mwenye tumbo lililochongeka kama la kijana. Ukweli ni kwamba tayari tunajua inakuwaje watu wanapojaribu kuendeleza kazi yake bila yeye. Alikuwa amepiga sehemu ya filamu aliyoisimamisha mwaka 1972, na mwaka 1978 ikamaliziwa kwa kutumia watu waliofanana naye. Kuna mahali kipande cha karatasi ngumu chenye sura yake kilibandikwa kwenye kioo, mwigizaji mwingine akakaa mbele yake. Wakaweka hata picha halisi za mazishi yake. Ukiitazama unaona uchungu wa kitu kisicho na mwenyewe. Programu ya leo imeondoa ile karatasi tu. Sura sasa inapepesa macho na kutabasamu, lakini pengo lililo nyuma yake ni lilelile, na sharti mtumiaji alijaze kwa yale aliyoyafanya na kuyataka marehemu mwenyewe.

Aaliyah, mwimbaji wa R&B na mwigizaji, nilimwogopa kidogo, kwa sababu kifo chake bado kinaniuma. Tarehe 25 Agosti 2001, miaka 22, ndege ndogo iliyozidishiwa mzigo huko Bahamas, akirudi kutoka kurekodi video. Programu ikaniambia kwamba katika miaka iliyofuata aliukataa ulimwengu wa filamu ili ashughulikie muziki. Ni kinyume kabisa. Filamu ya Queen of the Damned alikuwa ameshaimaliza, ikatoka Februari 2002, na alikuwa ameanza kupiga sehemu zake katika The Matrix Reloaded, nafasi ambayo baadaye alipewa Nona Gaye. Milango yote miwili ilikuwa wazi kwa wakati mmoja, muziki na filamu, na hatukupata kuona angeipitaje. Picha nayo ilikosea kwa namna iliyonigusa: kwenye kila umri, 30, 40, 45, nywele zimefunika jicho la kushoto vilevile kama kwenye picha zake za ujana. Mwanamke wa miaka 45 angekuwa amebadilisha mtindo wake mara ngapi?

Kuna sehemu moja niliyoijaribu mara moja na sitairudia. Programu inaweza kukutungia wimbo mpya kwa sauti inayofanana na ya marehemu. Niliomba wimbo wa rapa Tupac. Ulipoanza tu, sauti ile nzito, nikausimamisha baada ya sekunde chache. Tupac aliacha nyimbo nyingi sana ambazo zilikuwa hazijatoka. Albamu zake zilizotolewa baada ya Septemba 1996 zimezidi zile alizozitoa akiwa hai. Mwaka 2012 taswira yake ilionyeshwa jukwaani kwenye tamasha la Coachella, na wengi walipiga kelele za furaha. Naelewa furaha hiyo. Ila kumtia mtu maneno kinywani ni jambo jingine, hasa mtu ambaye maneno yake ndiyo yalikuwa kila kitu.

Teknolojia hii hii inaweza kufanya kazi ya heshima. Mwaka 2023 ulitoka wimbo wa Beatles uliotokana na kaseti aliyoirekodi John Lennon nyumbani, miaka ya mwisho ya 1970. Kwenye kaseti ile piano ilikuwa imeifunika sauti yake. Mitambo ikaitenganisha sauti na piano, wenzake wakaongezea sehemu zao. Ile ni pumzi ya Lennon mwenyewe, imefutwa vumbi tu. Natamani programu hii ingeelekeza nguvu zake huko kuliko kutunga.

Kwa wanaofikiria kulipia, mambo mawili ya kawaida. Kifurushi cha bure kinatoa picha tu, bila maandishi, kwa hiyo hutaonja sehemu yenye maana. Na picha unazozihifadhi hazina alama yoyote inayoonyesha kwamba zimetengenezwa. Hili ni zito. Nilimtumia ndugu yangu picha ya Bob Marley mzee mwenye rasta nyeupe bila kusema neno, naye akaniuliza kama kweli Marley alikuwa amejificha miaka yote hii. Marley alifariki Miami Mei 1981, akiwa na miaka 36, kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu, na onyesho lake la mwisho lilikuwa Pittsburgh, Septemba 1980. Mtu mzima, mwenye akili zake, picha moja ilitosha kumyumbisha. Nimewaandikia wenye programu waweke alama kwenye kila picha na wakipandishe kile kisanduku cha maelezo juu kabisa, kiwe kitu cha kwanza unachoulizwa: marehemu alikuwa anafanya nini? Bado hawajanijibu.

Nyota ningewapa tatu kati ya tano. Zote tatu ni za kile kisanduku.

Nimelipia mwezi wa pili. Naanza upya na Aaliyah, na safari hii nimeizima sehemu ya picha kabla sijaandika jina lake.