Guangzhou na ile taa: uzoefu wangu

Hili jambo nimekaa nalo moyoni muda sasa, na kila mtu hapa Mombasa akiniuliza vipi Guangzhou, dadangu, niende? mie huanza kumjibu vizuri tu halafu hasira zinanipanda naishia kusimulia ile hoteli. Sa wacha niandike yote mara moja nipumue.

Mie si mtalii. Nauza vitambaa, vya madera na mapazia, na mfanyabiashara wa huku kwetu akikwambia ameenda China mara nyingi ujue ni Guangzhou kaenda. Ndo mji mkuu wa jimbo la Guangdong, kusini kabisa, watu zaidi ya milioni 18, na joto lake wala halikutishi ukiwa umezaliwa Mombasa. Nilienda wiki chache kabla ya Ramadhani, kwa makusudi, manake yale maonyesho yao makubwa ya biashara yanaanza katikati ya Aprili na hoteli zote hupandisha bei, nikasema niwahi. Hoteli nikabuku kwenye simu nikiwa bado kwangu Kisauni, nikalipa siku zote sita, karibu na soko la vitambaa la Zhongda ili nisihangaike na teksi. Risiti ninayo mpaka leo.

Basi nimefika, ndege mbili na usingizi hakuna, saa sita usiku inapita, mvua inanyesha ile ya rasharasha isiyokatika. Teksi imenishusha imeondoka. Naingia ndani, sakafu ya risepsheni imelowa kama imemwagiwa ndoo ya maji, kuta zinatiririka, nikadhani bomba limepasuka. Kumbe ndo hali yao ya msimu ule, upepo wa joto wenye unyevu unatoka baharini unakutana na kuta zilizobaki na baridi, kila kitu kinatoa jasho, nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu. Sisi jasho tunalijua lakini jasho la ukuta sikuwahi kuliona. Begi sikuweza hata kuliweka chini, nimelishika hivi hivi mkononi.

Kijana wa kaunta anatazama video. Nikampa pasipoti. Akaifungua, akaona si ya kwao, akaifunga, akanisukumia kwa kidole kimoja. Kidole kimoja jamani! Nikamwonyesha risiti kwenye simu, imelipwa, jina langu, tarehe, kila kitu. Akasema kitu kwenye simu yake, simu ikatoa sauti ya Kiswahili cha kuunganisha unganisha, ati hapa hakuna kupokea mtu wa nje. Nikamwambia sawa, nirudishie pesa basi. Kimya, amerudi kwenye video yake. Nikamwambia kwa ishara, mkono shavuni, nionee huruma nikae tu pale kwenye kiti mpaka alfajiri, sitaki chumba wala maji wala chochote, mie mtu mzima mwanamke niko peke yangu usiku nchi si yangu.

Akanyoosha mkono akazima taa ya pale kwenye viti.

Hakusema neno. Alizima taa, akabaki na ile yake ndogo ya kaunta. Wallahi nimewahi kutukanwa, nimewahi kuibiwa mzigo bandarini, nimewahi kusukumwa kwenye feri ya Likoni mpaka nikaanguka, lakini sijawahi kufanyiwa kitu kikaniingia kama ile taa. Kwangu mimi hata fundi wa bomba akichelewa mpaka Magharibi hatoki bila kikombe cha kahawa. Kuna kumkatalia mtu, na kuna kumfanya mtu kama hayupo.

Nikatoka. Kumpigia yule kijana wetu wa Mombasa anayefanya ukalimani kule haiwezekani, manake WhatsApp kule haifunguki na namba yake ya huko nilikuwa sijaiandika popote, hilo ni kosa langu nalikubali, nanyi mkienda ziandikeni namba kwenye karatasi. Natembea na begi, mabango yote Kichina, hata herufi moja sijui. Nimepita kona moja, ya pili, na pale kona ya pili nikaona bango la kijani lina Kichina na chini yake neno moja la Kiarabu, halali. Katika mji wote ule ndo neno la kwanza niliweza kulisoma. Nililia pale barabarani, sioni haya kusema.

Ndani ni duka la tambi, wale Waislamu wa Kichina wanaoitwa Wahui, baba anavuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi nyembamba, mama amejifunga mtandio. Walikuwa wanafunga duka. Nikasema asalam aleikum. Mama akaitika kwa matamshi yake, lakini ilikuwa salamu kamili, na baada ya hapo hatukuwa na neno lengine hata moja la kuelewana. Akaniangalia begi, akaangalia nguo zilivyolowa, akanivutia kiti karibu na jiko, akaniletea maji ya moto (huko watu wanakunywa maji ya moto matupu, kwanza nilishangaa baadae nikazoea) na bakuli la tambi na nyama ya ng'ombe. Sahani zimeoshwa, mlango umefungwa, baba amepanda kulala, na mama amekaa na mie mpaka kumekucha, anasinzia anaamka, na taa wameiacha inawaka. Kulipa alikataa, nimempa noti akairudisha kwenye mkoba wangu na akaufunga zipu mwenyewe.

Asubuhi nikapata namba ya yule kijana wetu mkalimani kwa kumpigia dadake Mombasa, akaja mbio. "Shangazi, mbona hukuniambia hoteli gani kabla hujalipa?" Akanieleza kwamba mgeni yeyote kule lazima asajiliwe polisi ndani ya saa 24, hoteli ndo zinafanya hiyo kazi, na vihoteli vidogo vingi havitaki usumbufu au wafanyakazi hawajui kusajili pasipoti ya nje, ndo wanakataa. "Si wewe shangazi, ni makaratasi." Akanipeleka Xiaobei, mtaa ambao Waafrika na Waarabu wamejaa, hoteli zake zimezoea wageni, dakika kumi nishapata funguo. Sawa, makaratasi nimeyaelewa. Lakini taa nayo ilihitaji karatasi?

Na hapa ndo ninapochanganyikiwa mie, manake siku zilizofuata mji ulinipendeza, na sikutaka unipendeze. Zhongda peke yake ukiingia hutoki, majumba na majumba ya vitambaa, na bei ukikaza unakatiwa. Treni za chini ya ardhi safi, hazichelewi. Miti ya barabarani imetoa maua makubwa mekundu bila jani hata moja, ndugu yake msufi wetu huo, ndo ua la mji wao, vibibi vinayaokota chini vinayakausha kwa kutengenezea chai. Chai yenyewe wanaiita cha! Nimeenda mpaka mwisho wa dunia naambiwa cha, nimefurahi kama mtoto.

Ijumaa kijana akanipeleka kwenye kaburi wanalosema ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Masheikh wetu wanatufundisha amezikwa Madina, mie sibishani, nimesoma Fatiha nimeondoka. Nje mishkaki inachomwa, watu wa Mali, Yemen, Wahui, kila rangi. Kisha tukapita msikiti wa Huaisheng, wa kale sana, una mnara mweupe wa duara, mita 36 hivi, na watu wanauita Mnara wa Nuru. Kijana akaniambia zamani mto ulipita karibu pale na juu ya mnara ilikuwa inawekwa taa, ili majahazi ya Waarabu na Waajemi yaone njia usiku.

Nilisimama pale barabarani, kifua kimenibana. Yaani mji huu ulikuwa unawasha taa kwa ajili ya mgeni mamia ya miaka kabla hata Ngome ya Yesu haijajengwa kwetu! Vile vigae vya sahani za Kichina ukiviona pale Ngomeni ujue ni biashara hiyo hiyo, sisi na wao hatujajuana jana. Na usiku tukaenda kando ya mto, ule mnara wao mpya mita 600 unawaka rangi zote, zambarau, kijani, nyekundu, nao nikautazama nikaona taa zote hizo, na mie mmoja nimenyimwa balbu moja.

Nilikuwa nimeshasamehe, nawaambia ukweli. Nimerudi nyumbani na mzigo mzuri nikasema yale yamepita. Nikaomba pesa yangu ya siku sita kwenye ile programu ya kubukia. Baada ya muda jibu likaja, hoteli imesema mgeni hakufika.

Hakufika! Nimesimama mbele yako na pasipoti mkononi maji yananidondoka, umenizimia taa kwa mkono wako, halafu unaandika sikufika? Siku hiyo nilitaka kuandika msiende Guangzhou, mtu yeyote asiende, mji mbaya. Niliandika nikafuta, manake yule mama wa tambi naye ni Guangzhou. Sijui nitoe nyota ngapi. Mji ningeupa nne, kuna wakati ningeupa tano, hoteli ile hata nusu haipati, na ukinikuta siku mbaya mji wote naupa moja. Mkienda, piga simu hotelini kwanza uliza wanapokea pasipoti ya nje, au shukieni Xiaobei tu.

Mie narudi tena mzigo ukiisha, biashara haina namna. Halua nishaiwekea oda kule Mji wa Kale, kilo mbili, ya yule mama. Jina la duka siwezi kulisoma wala kuliandika, najua tu ni kona ya pili ukitoka pale hotelini, mkono wa kushoto, bango la kijani.