Remiksi ya muziki wa majini wa Super Mario Bros.: kiki nzuri, lakini maji yamekauka

Remiksi hii nimeisikiliza mara sita: mara nne kwa hedifoni, mara moja kwenye simu, na mara moja kwenye spika kubwa za rafiki yangu anayepiga muziki kwenye sherehe. Ni ule muziki wa hatua za majini katika Super Mario Bros., mchezo wa Nintendo wa mwaka 1985, uliogeuzwa kuwa dansi ya klabu na kijana mmoja aliyeitengeneza chumbani kwake na kuitoa bure. Nimempa nyota 3 kati ya 5.

Koji Kondo aliutunga muziki huo kwa mwendo wa waltz: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Mario anaogelea, na muziki unayumba naye kama ngalawa iliyotia nanga. Klabu inataka nne, kiki (ule mdundo mzito wa ngoma ya chini) kila pigo, na hapo ndipo kazi ya remiksi hii inapopimwa. Kijana wetu amerefusha noti ya tatu ijaze pigo la nne. Hesabu imekaa sawa, kuyumba kumekwisha. Melodi sasa inapiga gwaride. Mimi niliucheza mchezo huu utotoni, na kidole gumba changu bado kinakumbuka kubonyeza kitufe cha kuogelea kwa kufuata wimbo. Nilijaribu kuibonyezea meza nikisikiliza remiksi hii, kidole kikakataa.

Besi nayo inahitaji kurekebishwa. Chipu ya sauti ya mashine ya Nintendo iliyochezesha mchezo ule ilikuwa na njia tano tu za sauti, na ile ya wimbi la pembetatu, inayobeba besi, haikuwa hata na uwezo wa kuongeza au kupunguza ukubwa wa sauti. Mtunzi alibaki na noti na nafasi kati ya noti, na besi yake inapumua kwa sababu hiyo. Hapa besi inavuma moja kwa moja bila pengo. Kwenye simu huisikii kabisa. Kwenye spika kubwa inagombana na kiki mpaka zote zinakuwa uji. Angeishusha kidogo kila kiki inapopiga, zingeachiana njia. Kiki yenyewe ameichagua vizuri mno, kavu na fupi, inastahili kusikika. Ule upepo wa kupandisha hamu kabla ya kila kiitikio umezidi, mmoja ungetosha.

Sasa niseme kilichonifanya nirudie mara sita. Dakika ya 3 na sekunde 10 anaitoa kiki, anairudisha melodi kwenye tatu zake za asili, kisha anaingiza makofi yanayohesabu nne. Vinaachana, vinazungukana, vinakutana tena baada ya mapigo 12. Kwa sisi tuliokulia karibu na ngoma, tatu na nne kukaa nyumba moja si jambo geni, mwili unaelewa kabla ya kichwa. Rafiki yangu alikuwa anakunja nyaya, akasimama, akauliza, "Hii ni nini?" Mizunguko minne tu, sekunde 22 hivi, kisha gwaride likarudi.

Ndugu, kama unasoma: chukua hizo sekunde 22, rudisha kiki yako chini yake, uziache ziende dakika nne nzima. Rafiki yangu amesema ataipiga Jumamosi hiyo hiyo utakapoitoa.