Uzoefu wangu: igizo kuhusu familia inayolea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, Moshi

Ninalipendekeza igizo hili kwa mzazi yeyote anayelea mtoto mwenye ulemavu mkubwa, na zaidi kwa ndugu zake wanaomhurumia kwa mbali, ijapokuwa sikukubaliana kabisa na mwisho wake. Lilioneshwa katika ukumbi mmoja wa hapa Moshi na kikundi cha vijana wa mjini. Mimi ni mama wa binti mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo unaotokana na jeraha la ubongo la utotoni, kwa hiyo nililitazama kama mtu anayeijua kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Kisa ni cha mume na mke wa Kibosho ambao kitindamimba wao, mvulana wa miaka minane, hawezi kukaa, kuongea wala kujilisha. Kwa desturi ya Wachaga, kitindamimba wa kiume ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la migomba la familia, kinachoizunguka, na hapo ndipo mwandishi alipoupata mgogoro wake, kwa kuwa mwezi wa Desemba, ndugu wakiwa wamepanda kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya Krismasi, ukoo unakutana kuamua kama kihamba hicho kipewe mtoto wa baba mkubwa. Wazee wanazungumza kwa adabu, wakirudia kwamba migomba inahitaji mikono, na muda wote huo mtoto amelazwa mkekani nyuma ya viti vyao, akisikia kila neno. Sijawahi kuona jambo hili likielezwa vizuri namna hiyo, kwa sababu katika maisha yetu halisi mtoto huhukumiwa akiwepo, na wanaomhukumu ni watu wanaompenda.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ile ya kulisha, ambayo haina maneno. Mama anampakata mtoto, anamkalisha wima, anakiinamisha kichwa chake mbele kidogo, anakishika kidevu kwa vidole viwili, kisha anampa uji mzito kwa ncha ya kijiko na kungoja ameze kabla ya kumpa mwingine. Uji mwepesi ungeweza kumpalia na kuingia mapafuni, na watoto wetu wengi huugua nimonia kwa njia hiyo. Mtoto anakohoa, uji unarudi, mama anamfuta kwa ncha ya khanga na kuanza upya. Mwongozaji hakuifupisha sehemu hii hata kidogo. Mwanzoni baadhi ya watu walinong'ona na kuangalia simu zao, lakini baadaye ukumbi wote ulikuwa ukimfuatilia yule mama kijiko kwa kijiko.

Kijana aliyeigiza mtoto anastahili pongezi. Miguu yake ilikaza na kupishana kama mkasi, ngumi zilifungwa gumba likiwa ndani, na bado uso wake ulikuwa na furaha iliyoonekana wazi kila aliposikia pikipiki ya baba ikiingia uani. Bibi naye, anayerudia kwamba kwao hakuna ugonjwa wa namna hii, hakufanywa mtu mbaya, bali mzee mwenye hofu. Hotuba ya muuguzi kuhusu visababishi vya hali hii, yaani uchungu wa uzazi wa muda mrefu, mtoto kukosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, manjano makali na homa ya uti wa mgongo ni sahihi, ila ni ndefu mno.

Lakini mwishoni, baada ya maombi ya usiku wa Krismasi, mtoto anatamka neno "mama" waziwazi na kikao kinavunjika kwa machozi. Mimi ni muumini na ninaomba kila siku, ila jeraha la ubongo haliponi namna hiyo. Mazoezi husaidia viungo visikakamae, na kiti kinachomfaa humsaidia mtoto kula na kupumua vizuri. Wapo wazazi waliouza ng'ombe kwa kufuata ahadi za uponyaji. Tena, mtoto akishaongea, swali la kihamba linafutika bila kujibiwa, ilhali swali hilo ndilo lililotuweka vitini muda wote.

Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000, na sauti ilisikika vizuri hadi nyuma. Ukumbi, hata hivyo, una ngazi tu mlangoni, na viti mwendo viwili vilibidi vibebwe na vijana, jambo lisilofaa kwa igizo la maudhui haya wala halilingani na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Katika mazungumzo baada ya onyesho, baba mmoja aliuliza ampeleke wapi mtoto wake ili apate kiti, na jukwaani hakupatikana wa kumjibu, ingawa hapa hapa Moshi, katika hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna chuo cha wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mwenye ulemavu kumudu shughuli za kila siku, na pia TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Nimewaomba waandaaji kwamba watakapolipeleka igizo Arusha wamwalike mtaalamu mmoja akae nao mbele, na watafute ukumbi ambao mtoto anaweza kuingia kwa magurudumu yake mwenyewe.